Bangili ya Binti Sufi

Ulimwengu na ufahamu kwamba mimi, Kombo Shaibu wa kidato cha tatu, nilijitolea kubeba mateso ya kiumbe mwingine. Waliojitolea walisamehewa kuosha vyoo.

Sheria mnaijua: paka mwenye saratani ya tezi za limfu hapewi dripu ya kemo mpaka mtu avae bangili na kubeba nusu ya kichefuchefu chake. Binti Sufi, paka wa jikoni mwa bweni letu, aliandikiwa dozi nne. Tatu za kwanza nilitapika kwa heshima zote, naye kila mara alikuja kulala miguuni pangu.

Ya nne iliangukia Ijumaa, siku ya pilau. Nikamvalisha bangili jogoo wa shule mguuni, nikala sahani mbili.

Asubuhi Matroni akaniita jikoni. “Umeamkaje, Kombo?”

“Vibaya, Matroni. Tumbo limenichafuka usiku kucha.”

“Pole, baba. Mwone mwenzako.”

Binti Sufi alikuwa amelala kando ya jiko, dagaa wake hawajaguswa. Hakuinua hata kichwa.

Mara jogoo akaingia akidonoa punje za wali, mzima wa afya, bangili iking'aa mguuni.

“Na huyu bwana,” Matroni akauliza, “naye alijitolea?”

Utani nilikuwa nao tayari. Nikainama kumgusa Binti Sufi. Akageuzia uso ukutani.

“Nilimwachia Binti Sufi yote, Matroni,” nikasema. “Kabeba peke yake.”