Sabuni Isiyonukia

Asadi aliinusa sabuni, akairudisha juu ya kaunta.

"Nipe isiyonukia, mzee."

Ilikuwa ya tatu kuikataa. Stefano alimtazama. "Watu wananunua sabuni ili wanukie. Wewe unamkimbia nani?"

"Ya mche ipo?"

Ilikuwepo. Asadi akaichukua, akarudi nayo kwenye gari namba saba. Stefano alikuwa ameendesha malori miaka ishirini, na kwa uzoefu wake mtu anayekwepa harufu huwa anawawaza mbwa wa polisi.

Kambi ilikuwa yake, pale mchangani Msimbati. Alinunua magari makuukuu yenye kitanda, jiko na choo ndani, akayapanga mstari mmoja, kila gari na bomba lake la maji na waya wake wa umeme. Ukitaka unapanga. Ukilipenda unalinunua, unaondoka nalo. Namba saba alikuwa amelipanga Shabani, fundi wa kuchomelea vyuma, akiishi humo na mkewe Riziki. Siku ya kusaini Stefano alimwambia alichowaambia wote: anayekaa ni aliyesaini, asipokuwepo, gari linarudi. Na hakuwa akitania. Mwaka jana mpangaji mmoja alitoroka, na kesho yake mkewe akajikuta getini na mabegi. Somoe, mpishi wa kambi, ndiye aliyemsaidia kuyabeba.

Mwezi wa tatu, Shabani na mdogo wake Asadi waliondoka alfajiri kwa pikipiki kwenda kwao Newala. Shabani alikuwa amevaa sweta, na joto lile. Asadi akarudi peke yake. Tangu siku hiyo Riziki hakuonekana nje, na sasa ulikuwa mwezi wa saba.

Asadi alilala kwenye turubai chini ya mti wa mvinje, hatua kumi kutoka mlangoni. Mchana aliweka kiti hapohapo. Chakula alikipitisha dirishani huku amegeuza uso. Alimwaga maji machafu, alijaza tangi, kodi alilipa kabla ya siku yake. Kodi hiyo ndiyo iliyomfumba Stefano macho, mpaka alipokuja Dickson kutoka Dar kutafuta gari la kutembezea watalii, akalipenda namba saba.

"Hili halisogei," Asadi alimwambia.

"Nataka kuona ndani tu."

"Ndani haingii mtu."

"Hata kuchungulia?"

"Hata kuchungulia, kaka."

Dickson alirudi kaunta akicheka, lakini kicheko hakikuwa na raha. "Mzee, yule bwana anafuga nini mle?"

Stefano akamfuata Asadi kwenye kiti chake.

"Shabani yuko wapi?"

"Newala."

"Simu yake haipatikani."

"Najua."

"Atarudi lini?"

Asadi alichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Hilo si langu kulisema, mzee. Kodi si unapata?"

Somoe alikuwa jikoni, anamenya mihogo.

"Wewe huwa unaingia mle," Stefano alimwambia. "Riziki yukoje?"

"Mzima."

"Mbona hatoki?"

"Muulize mwenye gari."

"Mwenye gari ni mimi, Somoe."

"Basi jiulize."

Stefano hakucheka. Alikwisha kuyaunganisha yote. Ndugu wawili, mwanamke mmoja, na barabara ya Newala ina makorongo. Mmoja kabaki korongoni, mwingine kaja kukalia mlango. Na huyu mpishi kahongwa, au katishwa. Akifia mle binti wa watu, atakayeulizwa ni mwenye kambi. Tena yeye mwenyewe alikuwa na binti wa umri uleule, ameolewa Chuno. Alimfikiria huyo kuliko alivyoifikiria kambi.

Ijumaa adhuhuri Asadi alivaa kanzu, akaenda msikitini. Stefano alichukua ufunguo wa akiba, akamwita Dickson awe shahidi. Hawajafika kwenye gari, Somoe akawakimbilia, mikono imejaa unga.

"Mzee Stefano, usifungue. Bisha hodi kwanza."

"Nibishe hodi kwenye mlango wangu?"

Ufunguo ulizunguka vizuri. Mlango haukufunguka. Akausukuma kwa bega, ukagoma. Akausukuma tena, ndipo akasikia chuma kikigonga chuma. Kulikuwa na komeo, na komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Akauchomoa ufunguo.

"Riziki, mwanangu," alisema, sauti imeshuka. "Asadi hayupo. Usiogope. Toka tukupeleke polisi, ukaseme yote."

Somoe aliinamisha kichwa. Kisha pazia la dirisha dogo likasogea, mkono ukatoka. Haukuwa na hina wala bangili, na nguo nyeupe iliufunika mpaka kwenye kiganja. Ulishika karatasi ya mkataba, imekunjwa mara nne.

"Chukua, mzee. Aliyesaini alikufa kwa homa, amezikwa Newala tangu mwezi wa tatu. Nimebakiza siku tisa kumaliza eda yake. Siku ya kumi, mabegi yangu nitayabeba mwenyewe."