Kura Tatu

Hutaniamini, lakini simu hii hii ndiyo iliyoniweka kikaangoni mbele ya bosi.

Tulikuwa tunafungasha kwenye maboksi diski za kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta za zahanati zisizo na intaneti. Kila zahanati diski mbili. Mimi ndiye niliyepanga programu ipi ikae wapi, kwa kura za watumiaji mtandaoni. Yenye kura nyingi, diski ya kwanza.

Meseji ikaingia. Ilitoka kwa mama yangu, muuguzi wa zahanati mojawapo, tuliyempa seti ya majaribio.

"Mwanangu, ya kwanza imeingia vizuri. Sasa inaomba ya pili, nikiiweka haioni kitu. Si unaijua kompyuta yetu ya zamani."

Diski ya kwanza husomeka kompyuta inapowashwa, lakini programu ya kusomea ya pili kwenye kompyuta za zamani ilipata kura tatu tu, nikaisukumia humo humo diski ya pili. Ni kama nimefungia ufunguo ndani ya nyumba. Na wenye kompyuta hizo wangepigaje kura bila intaneti?

Kaka yangu, aliyeniombea kazi hii, alikuwa anafunga boksi la mwisho la diski. Akakata selotepu kwa meno, akailainisha taratibu kwa kidole gumba.

"Dogo, mbona umepauka hivyo, umeachwa?" Akamgeukia bosi. "Huyu hakosei, mkuu. Namjua tangu anatambaa."

Nje, dereva wa kupeleka maboksi akawasha gari.

Simu ikatetemeka tena. "Mfumo wa zamani umeshafutika. Wagonjwa wako foleni."

Kaka alikuwa bado anatabasamu. Ungekuwa wewe, ungeanzaje?