Ndugu Wasivuke Kaunta

Gunia la mchele lilitoka mlangoni juu ya bega la Mjomba Abdulrahim, na hakuna aliyelipa. Mwero aliketi kitako kitandani, akaisogeza simu karibu na macho. Duka lilikuwa lake, huko Kinondo, Kwale. Yeye alikuwa Doha, ndio kwanza ametoka zamu ya ulinzi, hata buti hajavua.

Kamera ya dukani iliyomletea picha hizo simuni aliifunga mwenyewe likizo iliyopita. Wenzake wa bwenini walikwisha kuchoka na mawaidha yake: ukitaka duka lako lidumu, hesabu bidhaa kila Ijumaa, funguo ziwe mkononi mwa mtu mmoja, na ndugu wasivuke kaunta. Hilo la ndugu alilirudia mpaka likawa utani. Abubakar wa Msambweni akimpisha kwenye foleni ya chakula humwambia, "Pita, ndugu yangu, ila usivuke kaunta."

Haya, sasa ndugu walikuwa ndani ya kaunta, wamejaa tele. Charo jirani alichagua jembe jipya na sepetu, akatoka bila hata kuuliza bei. Wengine walikumbatia mikeka yote ya kuuza. Sukari ilitoka, majani ya chai yakatoka, na aliyekuwa akiwateremshia vitu kutoka rafuni, polepole, tena kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa Mwanasha. Mkewe wa ndoa.

Mwizi wa njiani utamwitia polisi. Mkeo utamwitia nani?

Kilichomuuma zaidi ni kile kiti karibu na mzani. Kilikuwa kitupu. Mama yake ndiye mwenye funguo, na tangu duka lifunguliwe hakuna aliyepata kumzunguka yule bibi hata kwa kibiriti. Akienda kuswali hufunga mlango kwanza. Basi wamemvizia, Mwero aliwaza. Wamengoja atoke, wakaingia kama siafu.

Alimpigia Mama. Simu iliita mpaka ikakatika. Akampigia Mwanasha, na kwenye kioo alimwona akiitoa simu mkobani, akalisoma jina, akaigeuza kifudifudi juu ya kaunta. Akampigia mjomba, ambaye sasa alikuwa amerudi kuchukua gunia jingine. Mjomba hata mfuko hakuugusa.

Aliyepokea ni Kamene peke yake, mama wa Kikamba anayeuza mboga barazani pa duka.

"Kamene, uko hapo?"

"Niko, shemeji."

"Unawaona wanavyonimaliza?"

Pikipiki ilipita nyuma ya Kamene. "Nawaona. Lakini hayo ni ya wenyewe, shemeji. Mimi siwezi kukwambia kitu. Ngoja, mjomba wako atakupigia."

"Wamekupa nini unyamaze?"

Simu ikakatwa.

Afanye nini? Tiketi ya ndege si nauli ya bodaboda, na ruhusa ya kwenda nyumbani ilikuwa ya mwakani. Miaka yote hiyo amesimama juani akilinda milango ya watu, na leo wake unafagiwa huku anatazama. Machozi yalimlenga, ya hasira na ya unyonge, na aliyaona aibu ingawa chumbani hapakuwa na mtu.

Ndipo alipokumbuka kuwa kamera ile ina kipaza sauti. Akabonyeza.

"Mjomba! Liweke chini hilo gunia." Watu walishtuka wote, wakaangalia juu. "Nawaona nyote, mmoja mmoja. Mmengoja Mama atoke ndio mwingie? Akirudi mtamwambia nini?"

Walioshika mikeka waliinamisha vichwa. Mjomba Abdulrahim aliitazama kamera, akajifuta uso kwa kiganja. Lakini gunia hakuliweka chini, alitoka nalo vilevile.

"Mwanasha, na wewe?" Mwero alisema, na sauti haikumtoka sawasawa.

Mwanasha alipanda juu ya kigoda. Uso wake ukawa mkubwa kwenye kioo, macho mekundu, midomo imebanwa. Akaivua leso begani, akaifunika kamera. Mwero alibaki akitazama maua ya leso, na maua yenyewe ni ya ile aliyomnunulia mwenyewe. Sauti bado zilimfikia: magunia yakiburutwa, mlango ukigonga ukuta, mtu akisema, "Fanyeni haraka, adhuhuri hiyo inaingia."

Naam, wanataka wamalize kabla Mama hajarudi. Alianza kutafuta nambari ya polisi wa Diani, akikosea na kurudia, akikosea na kurudia.

Mlango wa chumba ulifunguliwa bila hodi. Aliingia Abubakar, na nyuma yake vijana wengine wa Kwale ambao saa ile walipaswa kuwa kazini. Salamu walizitoa kwa sauti ya chini. Abubakar aliketi kitandani, akaichukua simu mkononi mwa Mwero taratibu, akamshika bega.

"Mjomba wako ananipigia tangu alfajiri," alisema. "Alikataza usiambiwe ukiwa peke yako, nikawa nawangoja hawa wapate ruhusa. Anakuomba radhi kwa vitu walivyochukua dukani bila kukuuliza. Watu wameshajaa pale nyumbani, na Mama anazikwa baada ya adhuhuri."