Mguu Mwingine

Siku ile mjinga alikuwa Mzee Mizani, na hata yeye mwenyewe hakatai. Anachoomba ni kimoja tu: ikumbukwe kwamba alianza vizuri. Alianza kwa kupiga meza.

"Hapana! Haendi mtu!"

Vikombe vikaruka. Mkewe, aliyekaa karibu na dirisha akimshonea kifungo cha shati, hakuinua kichwa.

Aliyekuwa haendi ni binti yao. Chuo kikuu kilikuwa kimempa nafasi ya kusoma shahada ya pili, na jibu lilitakiwa kesho yake. Angechunguza maisha na kazi za mshairi mmoja wa Marekani, mtu wa karne ya kumi na tisa, aliyeamka siku moja akavitupa vina na mizani jalalani, akaanza kuandika kama mtu anavyopumua. Bila radhi ya baba asingekwenda. Hilo alilisema mwenyewe, na baba alilisikia vizuri mno.

Sasa kampata nani wa kumwomba radhi! Mzee Mizani alikuwa amefundisha ushairi mpaka akastaafu, na jina hilo wanafunzi walimpa kwa haki kabisa. Alihesabu mizani za kila kitu: matangazo ya redio, hotuba za harusi, hata rambirambi. Watu wanalia, yeye vidole vinacheza mfukoni.

"Huyo mtu wako, watu wa zama zake walimwonaje?" akauliza.

"Walimcheka, Baba. Walisema hajui kazi."

"Kumbe kulikuwa na watu wenye akili!" Akageukia dirishani. "Unasikia, Mama Watoto? Mtoto wa mwalimu wa ushairi anakwenda kumsoma mtu aliyeshindwa na vina!"

"Nasikia," mkewe akasema. "Hata majirani wanasikia."

"Mimi mama yako nilimpata kwa shairi, binti. Shairi! Vina vya kati, vina vya mwisho, mizani kumi na sita kila mstari, haukupinda hata mmoja. Ningemwandikia ovyo kama huyo wako, wewe ungezaliwa?"

Sindano ikamchoma mama kidole. Akakinyonya, akatabasamu, akaendelea kushona.

Binti hakulia wala hakununa. Alikuwa mtoto wa baba yake. "Basi tuwekeane sharti, Baba. Nitakughania mashairi matatu. Mawili ni ya Mmarekani, nimeyatafsiri mwenyewe. Moja ni la mtu wa hapa hapa kwetu. Ukilitambua la kwetu, naacha chuo, naenda kufundisha pale pale ulipofundisha wewe. Ukikosea, unanipa radhi, tena kwa kicheko."

"La mtu wa kwetu? Thubutu! Mtu wa kwetu hata akijitia Umarekani, kina kitamponyoka tu. Ni kama kikohozi. Haya, lete."

La kwanza lilihusu mkate unaoumuka jikoni huku nyumba nzima imelala. Mistari miwili ikaishia kwa sauti moja, na kidole cha Mzee Mizani kikasimama wima. "Ehee!" La pili lilihusu mto uliogombana na daraja. Akalisikiliza huku anapiga miayo.

La tatu binti alilianza taratibu:

"Leo nimepita kwenu nikijifanya nimepotea njia.
Mbwa wenu ameniuma,
na baba yako..."

Akasita, akatazama dari.

"...akamsifu," mama akamalizia, macho kwenye kifungo.

"Na wewe umeshakaririshwa?" Mzee Mizani akashangaa.

"Kitambo."

Binti akaendelea:

"...na baba yako akamsifu.
Kesho nitapita tena.
Nina mguu mwingine."

Mzee Mizani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akapandisha suruali na kuanza kukuna kovu lake la ugokoni, lile ambalo watoto waliambiwa ni la mpira. Ndivyo afanyavyo kila akiona ushindi uko mkononi.

"La kwanza ndilo la kwetu!" akatangaza. "Kina kimemponyoka, nimekidaka. Na hili la mwisho..." Akafuta macho. "Hili ndilo la huyo Mmarekani wako, naapa. Mbwa! Mguu! Huyu anatongoza binti wa watu au anafungua kesi? Hana vina, hana mizani, hana hata aibu. Mwanamke gani mwenye akili zake angemkubali mpuuzi kama huyu?"

Binti alimtazama mama, mama alikitazama kifungo.

"Umekosea, Baba," binti akasema. "La kwanza ni la Mmarekani. La pili pia."

Kicheko kikamkatikia njiani, ila mkono ukabaki pale pale ukikuna. "Yaani hili la mbwa ndilo la kwetu? Nani huyo aliyetuaibisha hivi?"

Mkewe akakata uzi kwa meno, akamrushia shati.

"Lile lako la vina, Mwalimu, lilinikuta nimeshakubali. Mbwa alikuwa wetu. Na huo mguu unaoukuna ndio ule wa kwanza."