Uji wa Resty

Ngo! Ngo! Ngo! Mlio ulitoka nyuma ya mlango mzito, kama fundi anayepigilia misumari kwenye jeneza. Akol aliusikiliza benchini bila kupepesa, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Mle ndani, mashine ya MRI ilikuwa ikipiga picha ubongo wa mdogo wake, Engole.

Jumamosi Engole alianguka na pikipiki, akavunjika paja. Jumapili mkewe, Resty, alimpelekea uji zahanati. Jumatatu akaanza kuweweseka, na vidoa vyekundu vikamtoka kifuani. Kijiji kizima cha Nabuyoga, Uganda, kikajua: sumu. Jumanne Akol akamvusha mpaka, akamleta Busia ya Kenya.

Mlio ukakoma. Daktari Selpher akatoka na picha.

"Huo mkono umefanya nini?"

"Sufuria ya chai tu, daktari. Wewe sema sumu ya ule uji iko wapi. Ukoo unataka ushahidi."

"Mkewe yuko wapi?"

"Mpishi wetu yule aliyeolewa kutoka Dabani?" Akol alicheka puani. "Amebaki na ukoo."

Daktari akaiinua picha kuelekea dirishani. Ubongo wote ulikuwa na vitone vyeupe, vingi kama nyota.

"Hakuna sumu hapa, bwana. Haya ni mafuta. Mfupa mkubwa ukivunjika, mafuta ya uboho huweza kuingia kwenye damu, yakapanda mpaka kichwani. Hata vile vidoa vya kifuani vimeletwa na hayo hayo. Uji wa watu hauna hatia."

Akol aliikodolea macho ile picha.

"Angalia tena," alisema kwa sauti ndogo. "Angalia vizuri, mama."

"Nimeangalia mara tatu. Furahi basi! Wengi hupona."

Engole alitolewa kwenye kitanda cha magurudumu. Akafumbua macho. Midomo ikahangaika kutafuta jina, ikalipata.

"Resty..."

"Anamkumbuka!" Daktari alipiga makofi. "Asikie sauti yake, itamsaidia." Akachukua simu ya Engole kwenye mfuko wa vitu vyake, akatafuta jina la Resty, akapiga.

Simu ikalia ndani ya koti la Akol.

Ililia mpaka ikakatika. Akol akauficha nyuma mkono wenye kitambaa, uliokuwa bado ukinuka petroli, akamwinamia mdogo wake.

"Kesho, ndugu yangu. Kesho namleta hapa mimi mwenyewe. Nakuahidi."