Mtaa wa Vinyozi

Haya, tegua hiki: kila mlango una mkasi, na kichwa cha kunyoa hakuna. Umeshindwa? Usinipe mji, maana mji wenyewe ndio jibu.

Asubuhi moja kinyozi mkubwa, aliyewatangulia wote kazini, alivuka barabara akiburuta mguu. Soli ya kiatu ilikuwa imeachama kama mdomo wa samaki. Akaingia kwa mdogo wake, aliyekuwa fundi viatu wa pekee mtaani, mpaka alipoona kaka anavyoshiba, naye akageuka kinyozi.

"Nishonee, mdogo wangu."

"Sindano nilishauza, kaka. Keti nikunyoe."

"Uninyoe nini, ngozi? Si juzi tu tumenyoana?"

Wakacheka, kicheko kikawakaukia mdomoni.

Nje alipita jirani, nywele timtim, mfuko wa viatu vibovu mkononi, akienda kituo cha basi. Viatu siku hizi hupelekwa mji wa pili. Na mtu akishafika huko, hunyolewa hukohuko, na sabuni hununua hukohuko.

Mdogo mtu alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

"Kaka, mtaa huu hautulishi sote. Nani afunge duka?"

Kinyozi mkubwa aliinama. Alizungusha kamba kwenye kiatu, akaizungusha tena, akakaza fundo mpaka vidole vikamuuma. Mdogo wake huyu alilelewa mgongoni mwake, na sasa ana kichanga nyumbani.

"Wewe," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi sijui kazi nyingine."