Chujio Nyuma ya Mawe

"Chujio liko wapi?" mama mwenye nyumba alifoka. Maporomoko ya bwawa lake la bustani, lililojengwa kwa mawe hadi kimo cha kiuno, yalikuwa yamekatika. Samaki walielea juu wakitweta, midomo wazi.

Mwezi uliopita, akilijenga, fundi alimsihi wabakize jiwe moja bila saruji, ili chujio lililo nyuma yake liwe linatolewa na kuoshwa likijaa uchafu.

"Hilo dude la plastiki sitaki kuliona. Nimekodi mikono yako, si mdomo," mama alimjibu.

Basi fundi akalizibia ndani kwa saruji, ufa kwa ufa, kwa hasira zake zote.

"Unanikodolea macho ya nini?" sasa mama alifoka tena. "Litoe!"

Fundi alipapasa ukuta. Hata yeye hakuona pa kuanzia. Akatoa nyundo, akamwekea mkononi.

"Chagua jiwe, mama."